Tabata Bima

Nakaa Tabata Bima mwaka wa kumi na tisa
na bima sijawahi kuwa nayo,
si ya nyumba, si ya cherehani, wala ya huu mgongo
unaolia kila nikisimama.
Leo kijana kavuka mtaro na begi lake
anaulizia habari za mbwa.

Anaitwa Erasto. Soli zake zimelika upande mmoja,
kwa hiyo nimempa kiti na maji.
"Elfu kumi na nane tu kwa mwezi, mama.
Akiugua, sisi tunabeba."
Bi Zamda dirishani kwake kacheka hadi kanga ikamdondoka:
"Mie nina sukari, kadi yangu imekufa tangu Mfunguo Nne,
leo mbwa ndiye apate bima!"
Sikumjibu. Hana kosa.

Fomu inauliza jina la mnyama.
Yatakwisha.
Erasto kaacha kalamu hewani.
Jina alilitoa marehemu mume wangu
mwaka ule wa kesi ya mpaka na jirani wa nyuma,
awe analiita jioni kwa sauti, wasikie.
Kesi ikaisha, mume akaisha,
mbwa kabaki na jina, na uzio.

Aina: nikasema andika mbwa.
Umri: sita, labda saba.
Meno: yote, isipokuwa lile aliloliacha kwenye geti.
Thamani.

Hapo nikavua miwani.
Nilipewa bure, ndani ya boksi la mafuta ya kupikia,
na kupe juu, nyongeza.
Niandike sufuri?
Niandike usiku ule walipokata wavu wa dirisha
wakakuta meno?

Maandishi madogo nimeyasoma.
Mimi natunga uzi kwenye sindano namba tisa,
maandishi madogo hayanitishi.
Hawalipi homa ya kupe.
Hawalipi mbwa aliyepita miaka saba.
Hawalipi sumu, iwe ya kukusudia au ya bahati mbaya.
Nikamuuliza: sasa mwanangu, huku kwetu
mbwa anakufa kwa kitu gani kingine?
Akanywa maji.

Usiku nikageuza risiti ya vitambaa,
nikapiga hesabu mgongoni mwake.
Tangu aje: dawa za kupe, chanjo, nyuzi saba za jeraha la seng'enge,
na ile dripu ya sumu ya panya.
Laki mbili na elfu tisini.
Bima kwa miaka hiyo hiyo sita:
milioni moja, laki mbili, elfu tisini na sita.
Hesabu ilijibu kabla sijapiga mstari.

Lakini hesabu haikuwepo usiku wa dripu.
Mimi nilikuwepo,
nimempakata kwenye bajaji, povu linanilowesha dera,
daktari Kihwelo ananiambia laki na nusu, nusu yake sasa hivi,
na pochini nina elfu kumi na moja na vifungo.
Nilivua hereni nikaziweka mezani.
Hakuzigusa. Alichoma sindano kwanza.
Ila nilizivua, na sikio linakumbuka.

Laki na nusu siiogopi.
Naiogopa ile meza.

Sikusaini.
Nilichukua kopo la maziwa ya unga,
nikatoboa kifuniko kwa ncha ya mkasi mkubwa,
nikaandika MBWA kwa chaki ya fundi.
Elfu kumi na nane, kila tarehe tano.
Fomu nimeikunja, iko chini ya kopo, isiyumbe.
Erasto akirudi nitampa maji tena.

Mwezi wa kwanza iliingia. Wa pili ikaingia.
Juzi, wa tatu, umeme umeisha saa mbili usiku
nina sare arobaini hazina kola
na shule zinafungua Jumatatu.
Nikafungua kopo. Yatakwisha alikuwa mlangoni,
kidevu juu ya ndara yangu, jicho moja wazi.
Nilitoa elfu tano ya luku.
Nikaandika kikaratasi, nikakitumbukiza:
nadaiwa na mbwa, elfu tano,
na tarehe.